Jinsi ya kusoma msitu wako kipindi hiki joto linapanda: ukame, wadudu, moto na upepo

Mtu akikuta miti imekauka upande mzima wa kilima swali la kwanza huwa ni nini kimeua, na jibu linakuja haraka, ni moto, ni wadudu, ni upepo, linaandikwa kwenye ripoti na imeisha hiyo. Mi nakuomba uulize swali lingine: nini kilitangulia? Manake mti mkubwa ni nadra kufa kwa kitu kimoja, na mabadiliko ya tabianchi mara nyingi hayaui mti moja kwa moja, yanaudhoofisha kwanza, afu yanafanya majanga yarudi mara kwa mara kuliko zamani, afu yanafupisha ule muda ambao msitu ulikuwa unapata wa kujijenga upya. Ukijua kufuata huo mfuatano unaweza kuona tatizo msimu mmoja au miwili kabla halijawa kubwa, na hapo ndo bado kuna kitu unaweza kufanya. Haya ninayoandika yanafaa msitu wa asili na wa kupandwa, mdogo au mkubwa, na vifaa vyenyewe ni kamba, futi ya kupimia, daftari, kisu na simu yenye kamera.

Kwanza jua msitu wako umezoea nini

Misukosuko sio adui. Mti mzee ukianguka kwenye msitu wa mvua mwanga unaingia chini na miche iliyokaa gizani miaka mingi inapata nafasi yake. Kuna msonobari wa Amerika Kaskazini unaoitwa lodgepole, koni zake nyingi zimefungwa kwa utomvu mgumu na hazifunguki mpaka zipate joto kali kama la moto, yaani moto kwake ndo msimu wa kupanda. Kwahiyo usije ukaandika kila mti ulioanguka kuwa ni uharibifu, utajichosha na utawachosha wenzako.

Unachotakiwa kujua ni hivi: hapa kwako huwa kunatokea nini, kwa ukubwa gani, kwa ukali gani, na kila baada ya miaka mingapi. Ongea na watu wazima walioishi karibu na huo msitu, wanakumbuka mioto na dhoruba ambazo hakuna karatasi iliyoandika. Angalia makovu ya moto kwenye mashina, kwenye mteremko kovu mara nyingi linakuwa upande wa juu wa shina kwa sababu majani makavu yanajikusanya pale na ndimi za moto zinakaa pale muda mrefu zaidi. Kama miti yako ina pete za mwaka zinazoonekana vizuri basi kisiki kimoja kinaweza kukupa historia ya miaka mia, ila miti mingi ya nchi za joto pete zake hazieleweki, usilazimishe. Na picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na tangu 2008 ni bure kwa kila mtu, ukikaa nazo jioni moja unaona msitu ulifunguka wapi na mwaka gani.

Ukishajua kilichozoeleka ndo unaweza kusema kwa uhakika kwamba kitu kimebadilika. Bila hapo unabahatisha tu.

Soma mvua na joto, lakini sio wastani wa mwaka

Hapa wengi wanapotea. Wanachukua jumla ya mvua ya mwaka, wanaona iko vile vile kama zamani, wanasema mbona hakuna ukame. Mti haunywi wastani jamani. Andika idadi ya siku zilizopita mfululizo bila mvua ya maana, andika siku zenye joto kali kupita kawaida, andika joto la usiku, na andika tarehe mvua zilipoanza kweli na sio zilipotarajiwa. Kipimamvua cha kawaida kinatosha, na kama huna kumbukumbu za nyuma kuna data ya mvua inaitwa CHIRPS inayoanzia 1981, inachanganya setilaiti na vituo vya ardhini, unaishusha bure mtandaoni.

Sababu ya kuangalia joto hata mvua ikiwa ile ile ni hii. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi. Sasa kama huo mvuke haupo, hewa inabaki na kiu, na kiu hiyo inaimalizia kwenye majani, kwenye udongo na kwenye majani makavu yaliyolala chini. Kwahiyo mvua ile ile iliyokuwa inatosha miaka 40 iliyopita leo inaweza isitoshe.

Mti ukibanwa hivyo una njia mbili na zote mbaya. Unaweza kufunga vile vitundu vidogo vya kwenye majani ili usipoteze maji, lakini kwa vitundu hivyo hivyo ndo unaingiza hewa ya kutengenezea chakula, kwahiyo ukifunga muda mrefu unaanza kula akiba yake. Au unaacha wazi, unaendelea kuvuta maji kwenye udongo mkavu mpaka mapovu ya hewa yanaingia kwenye mirija ya maji ndani ya shina, na mrija ukishaingia hewa maji hayapiti tena. Mti unaweza ukapita kwenye ukame umesimama, mvua zikarudi, watu wakafurahi, afu ukafa miaka miwili mitatu baadae. Ndo maana nasema daftari la mvua uliweke pamoja na daftari la miti, usiyatenganishe.

Mfano mkubwa ni California. Ukame wa 2012 hadi 2016, na mpaka mwisho wa 2017 idara ya misitu ya Marekani ilikadiria miti milioni 129 imekufa, mingi kwenye safu ya Sierra Nevada. Ukiuliza nini kiliua wengi watakwambia mbawakawa wa magome, na ni kweli walikuwepo, lakini walikuta miti ambayo tayari haina nguvu ya kujitetea.

Tenga vipande na urudi pale pale

Kutembea msituni na kuangalia angalia hakutoshi, jicho linazoea. Chagua sehemu kadhaa, zingine ndani, zingine pembezoni, zingine bondeni na zingine juu kwenye udongo mwembamba ambako ukame unapiga kwanza. Kila sehemu simika kigingi katikati, funga kamba ya urefu wa mita 12.62, zunguka nayo. Hilo duara ni mita za mraba 500, yaani moja ya ishirini ya hekta, kwahiyo ukihesabu miti iliyokufa humo ukazidisha mara 20 unapata kwa hekta bila kusumbuka. Kwenye mteremko kamba ishike usawa, usiilaze na ardhi. Weka namba kwenye kila mti, pima mzingo kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, na piga picha ukiwa umesimama kwenye kigingi ukielekea pande nne. Rudi mwezi ule ule kila mwaka, na ongeza mara moja baada ya ukame mkali, dhoruba au moto.

Kwenye kila mti angalia kuanzia juu kushuka. Juu kabisa, majani yamepungua robo, nusu au robo tatu ukilinganisha na mti mzima wa aina hiyo hiyo? Matawi ya juu yamekauka huku ya chini ni mabichi? Kuna vichipukizi vinatoka kwenye shina lenyewe? Hiyo ni dalili kwamba kichwa kimekata tamaa na mti unajaribu kujijenga upya kwa chini. Uwe makini na miti inayopukutisha majani kiangazi kwa kawaida yake, ile haifi, inapumzika, kwahiyo linganisha tarehe ya kupukutisha mwaka huu na ya mwaka jana.

Afu mti uliokufa, usiandike "umekufa" ukaondoka. Umekufa vipi? Uliokufa umesimama unakuelekeza kwenye ukame, wadudu, ugonjwa au moto. Uliovunjika katikati ya shina, upepo ulikuwa mkali au shina lilishaoza ndani. Uliong'oka na mizizi yake, angalia shimo lenyewe: mizizi mizima na udongo mwingi umeshikana nayo, ardhi ilikuwa imelowa sana, mizizi mifupi iliyokatika kama imeliwa, hapo kuna kuvu. Na angalia uelekeo. Miti kumi imelala upande mmoja, ni dhoruba moja. Miti kumi imelala kila mmoja na upande wake, ilianguka kwa nyakati tofauti na tatizo liko chini ya ardhi.

Wadudu: hapa mwenye kuwahi ndo anaokoa

Nitakaa kidogo kwa mbawakawa wa magome wa misprusi ya Ulaya (misprusi ni miti ya koni ya nchi za baridi), Ips typographus, kwa sababu anaonyesha vizuri sana joto linafanya nini. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita 5 hivi. Anaanza kuruka joto likifika kama nyuzi 16.5, dume anatoboa gome, anatoa harufu ya kuita wenzake, na kama mti una afya unamjibu kwa kumwaga utomvu unaomzamisha. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Hapo wanaingia, jike anachimba njia inayofuata urefu wa shina, mayai kushoto na kulia, na watoto wakiangua kila mmoja anachimba njia yake kwenda pembeni. Bandua kipande cha gome uone mwenyewe, ni njia moja iliyonyooka na vijia vingi vinatoka pembeni yake, na hizo njia ndo zinakata chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kwenda mizizini.

Sehemu za baridi anatoa kizazi 1 kwa mwaka. Mabondeni viwili. Mwaka wa joto unaowahi kuanza na kuchelewa kuisha, vitatu, na kila kizazi kinazidisha kilichopita. Joto limefanya mambo mawili kwa wakati mmoja, limedhoofisha mti na limeharakisha mdudu. Ulaya ya Kati baada ya ukame wa 2018 ilipoteza misitu mikubwa ya misprusi kwa njia hii hii, Ujerumani na Cheki zikiumia sana.

Kanada tatizo lilikuwa ni baridi kupungua. Mbawakawa wa misonobari wa milimani alikuwa anadhibitiwa na baridi kali ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri ambayo inaua watoto wake chini ya gome. Baridi hizo zikawa adimu, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 mlipuko uligusa zaidi ya hekta milioni 18 za British Columbia, na 2006 makundi makubwa yakapeperushwa kuvuka Milima ya Rocky mpaka Alberta.

Sasa cha kufanya. Usitafute miti myekundu. Mti ukishakuwa mwekundu au kijivu mara nyingi wadudu walishatoka zamani, ukiukata unajichosha na unawafukuza ndege gogota na wadudu wengine wanaowala hao mbawakawa. Tafuta mti wa kijani wenye unga wa kahawia laini kwenye nyufa za gome na chini kwenye shina, asubuhi kavu isiyo na upepo, kabla mvua haijausafisha. Huo ndo wenye wadudu ndani. Ukate na uutoe msituni au ubandue gome kabla kizazi kipya hakijaruka, na kwenye joto una wiki chache tu, sio miezi. Msitu wako kama una wadudu wa aina nyingine, viwavi wanaokula majani au watoboa shina, jifunze maisha yao kwa mtaalamu wa sehemu yako, lakini maswali ni yale yale: anahitaji joto gani, anatoa vizazi vingapi, nini kilikuwa kinamzuia, na hicho kizuizi bado kipo?

Moto

Moto unataka vitu vitatu, kitu cha kuungua, ukavu na cheche. Kabla ya kupanga chochote jua msitu wako unakosa kipi. Kwenye nyika na misitu yenye nyasi ukavu upo kila mwaka, kinachoamua ni nyasi, kwahiyo mwaka wa hatari unaweza kuwa ule unaofuata mvua nyingi, nyasi zimekua ndefu afu zinakauka. Kwenye msitu wa mvua ni kinyume, vya kuungua vimejaa tele siku zote ila vimelowa, kwahiyo swichi ni ukame. Watu wawili wenye misitu tofauti wakipeana ushauri wa moto bila kuangalia hili wanadanganyana.

Kupima ukavu bila kifaa inawezekana. Nyasi na majani makavu yanafuata hali ya hewa ndani ya saa moja hivi, yanaweza kulowa asubuhi na mchana yakawa tayari kuwaka. Vijiti vyembamba vinachukua kama saa 10, na magogo yenye unene wa kuanzia sentimita 8 hivi yanahitaji kama saa 1,000, ambazo ni wiki sita. Maana yake mvua ya alasiri moja haijalowesha gogo hata kidogo, kesho yake majani yanakauka tena na gogo bado lina ukavu wa wiki sita zilizopita. Kata gogo kwa panga, shika ndani. Kama ndani ni kukavu na nyepesi, moto ukiingia hautazimika usiku ule, utakaa ndani ya magogo na kuamka mchana. Na usiku wenyewe umebadilika, zamani ubaridi na umande wa usiku uliwapa wazima moto nafasi ya kupumua, usiku ukiwa wa joto na mkavu ile nafasi inapotea.

Msimu nao umerefuka. Kati ya 1979 na 2013 msimu wa hali ya hewa ya moto duniani uliongezeka urefu kwa wastani wa karibu asilimia 19. Kwahiyo kama huwa mnasafisha barabara za kuzuia moto mwezi fulani kwa sababu ndo ilivyokuwa siku zote, angalieni daftari la mvua, huenda mnachelewa. Safisha mapema, anza pembezoni mwa msitu na kandokando ya njia na mashamba kwa sababu moto mwingi unaanzia kwa watu, na kubalianeni na majirani siku ambazo hakuna mtu kuchoma chochote hata kama kalenda inaruhusu. Kuchoma kwa mpango kabla ya kiangazi kikali kunasaidia kwenye misitu iliyozoea moto, kwa kibali na kwa watu waliofundishwa, lakini msitu wa mvua usiuchome, tafadhali sana, hakuna moto mdogo mle ndani.

Nieleze kwa nini. Moto wa kwanza kwenye msitu wa mvua unatambaa polepole, ndimi zake zinaweza zisifike hata goti, ukiuona unaweza kusema haujafanya kitu. Lakini miti ile ina magome membamba, joto linapenya mpaka kwenye tabaka hai, na miti mikubwa inaendelea kufa mwaka wa pili na wa tatu. Ikianguka jua linafika chini, majani yanakauka, nyasi zinaingia, na moto wa pili unakuta mazingira tofauti kabisa na unakuwa mkali mara nyingi zaidi. Mwaka 2024, baada ya El Niño (Bahari ya Pasifiki inapopata joto na kuvuruga mvua duniani), nchi za tropiki zilipoteza hekta milioni 6.7 za misitu ya asili isiyoguswa na karibu nusu yake ilikuwa moto, wakati miaka ya nyuma kilimo ndo kilikuwa kinaongoza.

Na usidhani msitu uliozoea moto uko salama. Misekwoya mikubwa ya California ina gome nene kupita karibu miti yote, imeishi na moto maelfu ya miaka, lakini moto mmoja wa 2020 ulioitwa Castle uliua asilimia 10 hadi 14 ya misekwoya yote mikubwa iliyokuwepo duniani. Nikifikiria hesabu hiyo naumia bado.

Upepo, udongo uliolowa na kuvu

Upepo unasahaulika kwa sababu hauna msimu wa kutangazwa, ila Ulaya kati ya 1950 na 2019 karibu nusu ya mbao zote zilizoharibiwa na misukosuko ilikuwa kazi ya upepo. Joto linaingiaje hapa? Nchi za baridi udongo ulioganda ulikuwa unashika mizizi kama zege wakati wa dhoruba za baridi, sasa dhoruba inakuja ardhi ikiwa tope. Sehemu nyingine mvua zinakuja nyingi kwa mkupuo, udongo unalowa kabisa, upepo wa kawaida unang'oa mti ambao ungesimama.

Pima hatari kwa hesabu rahisi: urefu wa mti gawa kwa kipenyo cha shina (ule mzingo uliopima gawa kwa 3.14), vyote kwa mita. Mti wa mita 24 wenye kipenyo cha sentimita 25 unapata 96, na kwa miti ya koni ikipita 80 mti ni mwembamba mno kwa urefu wake, unasimama kwa kuegemea wenzake. Ukikuta kipande kizima kiko hivyo usipunguze miti mingi kwa mkupuo hata kama lengo ni kugawana maji vizuri, punguza kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, ukifungua ghafla dhoruba ya kwanza inamaliza iliyobaki. Upunguzaji mzuri ni ule ulioanza miti ikiwa michanga.

Kuvu na vimelea vya mizizi wanapenda joto pamoja na unyevu. Fitoftora, kimelea anayeozesha mizizi, anasafiri na tope, kwahiyo kabla ya kutoka msitu mmoja kwenda mwingine safisha viatu, matairi na jembe. Armilaria, kuvu wa mizizi, utamjua kwa kubandua gome chini kabisa ya shina, kuna utando mweupe kama ngozi, na wakati mwingine nyuzi nyeusi zinazotambaa kwenye udongo.

Kwa ujumla, joto na ukavu vinasukuma ukame, moto na wadudu, joto na unyevu vinasukuma upepo na vimelea. Ukijua tabianchi ya kwako inaelekea upande upi unajua uanze wapi.

Chora mfuatano

Chukua karatasi, chora mstari wa miaka 15, juu yake weka hali ya hewa na chini yake weka kilichotokea msituni. Sweden Januari 2005 dhoruba Gudrun iliangusha kama mita za ujazo milioni 75 kwa usiku mmoja, na misprusi iliyolala chini ikawa chakula cha mbawakawa, wakazaliana humo afu wakahamia kwenye iliyosimama. Italia ni hivyo hivyo baada ya dhoruba Vaia ya Oktoba 2018. Kwahiyo ukishaona upepo umeangusha miti ya aina inayopendwa na wadudu, kazi ya kuitoa ni kabla ya msimu wa joto unaofuata, na kama huwezi kutoa yote anza na iliyo karibu na miti hai ya aina hiyo hiyo.

Lakini sio kila kiungo kinaongeza tatizo. Eneo lililoungua linaweza kuzuia moto unaofuata kwa sababu hamna cha kuungua. Na ile imani kwamba miti iliyouawa na wadudu lazima iwake zaidi sio kweli kila mara, majani yakiwa mekundu bado yapo juu yanashika moto haraka, yakishadondoka moto wa juu kwa juu unaweza hata kupungua, halafu miaka mingi baadae mashina yakianguka na miche ikikua chini hali inabadilika tena. Chora kilichopo kwako, usichore unachoogopa.

Hesabu kinachorudi

Kwangu hii ndo kazi muhimu kuliko zote na ndo inayoachwa. Kuna mikaratusi ya kusini mashariki mwa Australia, Eucalyptus regnans na Eucalyptus delegatensis, moto mkali unaiua kabisa, haichipui kama ndugu zake wengi, tegemeo lake ni mbegu zilizoko juu kwenye matawi ambazo zinamwagika kwenye majivu. Inafanya hivyo vizuri sana. Shida ni kwamba mti mchanga unahitaji miaka kama 20 kuwa na mbegu za kutosha. Milima ya Victoria imeungua 2003, 2006 hadi 2007, 2013, na tena 2019 hadi 2020, na kuna sehemu moto wa pili umekuta miche haijawahi kutoa mbegu hata moja. Hapo hakuna msitu unaorudi wenyewe, inabidi mbegu zimwagwe kwa helikopta, na mbegu zenyewe hazitoshi. Hakuna moto mmoja kati ya hiyo ambao peke yake ungefuta ule msitu.

Kwahiyo kwenye kila duara lako pima vijiduara vidogo vinne au vitano na uhesabu miche, aina gani, urefu gani, imeliwa na wanyama au la, na mti mama wa karibu uko umbali gani. Mche una mizizi mifupi, unakufa kwa joto na ukavu ambao mti mkubwa unavumilia, ndo maana unaweza kuwa na msitu mzuri wa miti mizee ambayo hali ya hewa ya sasa haiiruhusu kuzaa. Ukikuta miti mikubwa imejaa na miche ya aina hiyo hamna kwa miaka mingi mfululizo, hiyo ni taarifa nzito kuliko mti mkavu.

Baada ya janga subiri msimu mmoja au miwili uone kinachoota kabla ya kukimbilia kupanda, isipokuwa mbegu hazipo kabisa au udongo unaondoka na maji. Ukipanda changanya aina na umri, usirudishe aina ile ile moja iliyokufa yote kwa pamoja, na ukichukua mbegu za sehemu zenye joto na ukavu kidogo kuliko kwako panda sehemu ndogo kwanza. Acha baadhi ya magogo na miti mikavu ibaki pale ambapo haihatarishi watu, inatunza unyevu na kivuli kwa miche.

Setilaiti ikusaidie, isikutawale

FIRMS, ramani ya mtandaoni ya NASA, inaonyesha sehemu zenye joto la moto ndani ya saa chache, Global Forest Watch inatoa tahadhari za miti kutoweka, na Sentinel-2 inapiga picha za mita 10 kila baada ya siku kama 5. Tumia zote. Ila nukta ya moto kwenye FIRMS inaweza kuwakilisha eneo la mita 375 kwa 375, sio lazima moto uko pale nukta ilipo, mawingu yanaficha, na ule moto wa kutambaa chini ya miti mirefu mara nyingi hauonekani mpaka miti imeanza kufa. Nukta ikitokea nenda ukaangalie, ukiwa salama, na uandike ulichokuta.

Na andika hata ukikuta hamna kitu. Tarehe, duara namba fulani, hakuna mti mpya uliokufa, hakuna unga kwenye magome, miche ipo. Watu wanaandika mwaka wa janga tu, afu baada ya miaka kumi daftari lina misiba mitupu na huwezi kujua kama inaongezeka au ndo ilivyokuwa siku zote. Kurasa za "hamna kitu" ndo zinakupa cha kulinganishia.